Aliyezikwa kwa Jina la Wiryo

Mkeka wa Ngatirah ulikuwa umeloa upande mmoja tu, upande wa ukutani, ambako mumewe alizoea kulala. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo bweni zima hujilaza kwa amri ya jeshi, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku tatu. Ngatirah aliinua macho akatazama paa. Paa lilikuwa kavu. Akagusa mkeka, akanusa kidole. Kilinuka tope la mtoni, na ndani ya harufu ya tope mlikuwa na harufu ya chuma chenye kutu.

"Mbok Ranti," aliita polepole kupitia pazia. "Umemwaga maji?"

"Nimwage maji nimelala?" sauti ya mama mtu mzima ilijibu upande wa pili. "Labda huyo mjukuu wangu tumboni mwako ameanza kukojoa kabla hajazaliwa."

Katika bweni lile la Alue Rusa, ngome ya jeshi la Waholanzi, familia arobaini zilikaa juu ya vitanda viwili virefu vya mbao, kimoja kila upande, na kati ya familia na familia palikuwa na pazia la kitambaa tu. Mtu alipokohoa, alipewa pole kutoka pazia la nne. Kwa hiyo Mbok Ranti, yaani Mama Ranti kwa Kijava, ambaye mumewe alikuwa Koplo Tirto, alitambua mara moja kwamba Ngatirah hakucheka. Akafunua pembe ya pazia. Naye akanusa, kisha akalishusha pazia.

Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita tangu Wiryo azikwe. Doria yake ilishambuliwa na wapiganaji wa nchi ile ikivuka mto, na wenzake walirudi bila yeye. Siku ya nne maiti ilipatikana kwenye kona ya mto, imenasa katika mizizi. Uso ulikuwa umeliwa na mawe na samaki, lakini koti la buluu la jeshi lilikuwa mwilini, na ndani ya ukosi palikuwa na namba. Sajini Mholanzi aliisoma namba, akafungua kitabu, akapiga mstari juu ya jina la Wiryo. Baada ya hapo hapakuwa na la kuuliza.

Aliyemwosha na kumkafini alikuwa Ngusman, askari kama wengine, ila ndiye aliyekuwa akiwasalisha Waislamu wa ngome, na watu walimwita Mwalimu. Walimzika nyuma ya ukuta wa ngome. Udongo ulipokwisha kujazwa, Ngusman alichuchumaa kichwani mwa kaburi akasoma talkini. Alimwita marehemu kwa jina lake na la mama yake, kama inavyopasa: "Ewe Wiryo, mwana wa Painah," akamfundisha atakachowajibu malaika wawili watakapomjia. Alimwita hivyo mara tatu. Watu wakaitika amina, wakarudi kula.

Sheria ya kambi ilisema mwanamke asiye na mwanamume hana mahali bwenini. Alipewa siku saba, kisha apate askari mwingine, au ashuke pwani na msafara wa mizigo. Ngatirah hakuwa na mtu pwani. Kwao ni Bagelen, Java, ng'ambo ya bahari, na baba yake alikwisha kumwambia siku aliyomfuata askari kwamba asirudi. Sheria ya Mungu nayo ilisema akae eda mpaka ajifungue, na mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Katikati ya sheria hizo mbili alisimama Samidin, askari mwenzake na rafiki wa Wiryo. Alikwenda kwa sajini, akaandikisha jina la Ngatirah chini ya jina lake, kisha akauchukua mkeka wake akautandika barazani.

"Shemeji, mimi nitalala na mbu," alimwambia. "Ukijifungua salama, ndipo tutazungumza."

Askari walimcheka kila siku. "Samidin kaoa pazia," walisema.

Siku ya ishirini, saa ile ile, Ngatirah alikuwa amelala akitazama nje. Mgongoni mwake mbao zililia taratibu, kama zinavyolia mtu mzito anapopanda kwa uangalifu asimwamshe mwenzake. Mkeka ukadidimia. Hakugeuka. Aliweka mkono juu ya tumbo akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa midomo tu, na alipofika katikati alisikia pumzi nyuma ya shingo yake, pumzi ya mtu aliyetoka kubeba mzigo mkubwa mlimani, inapanda na kushuka bila haraka, bila kumgusa, na ile harufu ya tope na kutu ikimzunguka kama shuka.

Ng'ambo ya bweni Koplo Tirto alikuwa akizungumza na mwenzake. "Kiatu hiki kilikuwa cha Wiryo," alisema.

"Naam," ilisema sauti nyuma ya shingo ya Ngatirah.

Haikuwa sauti ya Wiryo. Ilikuwa nene, yenye unyenyekevu, ya mtu aliyezoea kuitwa na kwenda. Upande wa pili wa pazia Mbok Ranti alikuwa amekaa wima, mkono mdomoni.

Tangu siku hiyo jina la Wiryo lilikatazwa bwenini. Wanawake wakasema "yule" na "marehemu". Koplo Tirto aliyekuwa akiwacheka alisahau mara moja, akalitaja wakati wa kula wali, na watu sita walisikia likiitikiwa chini ya kitanda. Hakucheka tena.

Mwalimu Ngusman aliitwa. Alisoma Yasini pale kitandani, akanyunyiza maji, akafukiza ubani. Mwisho aliuliza, "Harufu yake ni ya nini?"

"Tope," Ngatirah alisema. "Na kutu."

"Kutu?"

"Kutu ya chuma, Mwalimu."

Ngusman aliinama kufunga kijitabu chake, na alichelewa sana kukifunga. "Tuombe Mungu," alisema, akatoka. Ngatirah alimtazama akivuka uwanja, akaona kwamba mtu yule alikuwa anajua jambo.

Siku ya thelathini na saba, mchana wa jua kali, mtu alitokea kwenye lango la ngome. Alikuwa amekonda, amevaa shuka ya mkulima, mguu mmoja umefungwa majani, na ndevu zimejaa usoni. Mlinzi alimwelekezea bunduki.

"Usipige," mtu yule alisema. "Ni mimi wa kikosi cha pili. Ni Wiryo."

Wanawake waliokuwa jikoni waliacha vyungu vikaungua. Hakuna aliyemkaribia. Alisimama peke yake katikati ya uwanja, akitazama nyuso alizozijua, na nyuso zile zilimtazama kama mtu anavyotazama nyoka anayejifanya kamba. Ni sajini Mholanzi pekee aliyefurahi. Alimpeleka kwa daktari, daktari akasema ni mtu mwenye homa na kidonda, na sajini akaandika tena jina lile lile chini ya mstari aliokwisha kuupiga. Akaamuru arudishwe mahali pake na kwa mkewe.

Jikoni walinong'ona.

"Jini alianza kwa pumzi," alisema Mbok Ranti. "Sasa amepata nyama. Sisi tulimzika Wiryo kwa mikono yetu."

"Mchungulie mdomo wa juu," alisema mwanamke mwingine. "Watu wa upande ule hawana kile kijifereji chini ya pua."

"Nitakionaje? Masharubu yamefunika."

"Mwambie anyoe."

"Mwambie wewe."

Samidin ndiye aliyesema kwa sauti. "Yule si Wiryo. Wiryo alikuwa ndugu yangu, ningemtambua." Lakini alipotoka, Koplo Tirto alitikisa kichwa. "Na wewe ukitaka mke wa mtu," alisema, "mume akirudi lazima awe jini."

Kwa hiyo hapakuwa na wa kumwamini. Ngatirah aliketi ukingoni mwa kitanda akamtazama mtu aliyeletwa nyuma ya pazia lake. Alimuuliza jina la mbuzi wa mama yake. Alijua. Alimuuliza walichokula usiku wa kwanza ndani ya meli. Alijua, hata akatabasamu. Lakini Ngatirah alikuwa amesoma chuoni, na alijua kwamba kila mtu ana jini anayefuatana naye tangu kuzaliwa, na kwamba jini huyo anayajua yote.

"Koti lako lilifikaje mwilini mwa maiti?" aliuliza.

"Nilimpa mpagazi. Mmoja wa wale wafungwa wa minyororo wanaotubebea mizigo. Alikuwa na homa, anatetemeka. Nikamwonea huruma, nikamvika. Kisha tukashambuliwa. Mimi maji yalinichukua, mkulima mmoja akaniokota, akanificha kwake."

Aliposema hayo alitazama mguu wake uliofungwa, hakumtazama mkewe. Ngatirah alikuwa ameishi naye miaka minne. Wiryo hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwahi kumkatia mwenzake hata nusu ya tumbaku. Kama huyu ni mume wangu, alijisemea, mbona simjui? Na kama si mume wangu, ni nani atakayelala karibu na mtoto wangu?

Siku iliyofuata, saa saba, amri ya kupumzika ilipigwa. Mtu yule alilala upande wa ukutani, Ngatirah upande wa nje, na kati yao palibaki nafasi ya dhiraa moja ambayo hakuna aliyetaka kuivuka. Bweni likatulia. Wiryo, kama ni Wiryo, alisinzia akaanza kukoroma, na Ngatirah alipokuwa akimsikiliza, akijaribu kukumbuka kama hivyo ndivyo mumewe alivyokoroma, mbao zililia taratibu katikati yao, mkeka ukadidimia pale pale palipokuwa patupu, na maji ya baridi yakaanza kupita chini ya ubavu wake, na zile pumzi za mtu aliyetua mzigo zikaanza, si upande wa mumewe bali hapo hapo karibu na sikio lake, zinapanda na kushuka, na yeye akajua, huku macho ameyafumba na mikono ameifunga juu ya tumbo na ulimi umekataa kutaja hata jina la Mwenyezi Mungu, kwamba walikuwa watatu juu ya mkeka ule.

Wiryo aliamka. Aligeuza uso, akaona alichokiona, akajibanza ukutani.

Ngatirah alishuka kitandani akaenda barazani miguu mitupu mpaka kwa Ngusman, aliyekuwa akisafisha bunduki.

"Mwalimu, uliona nini ulipomwosha yule maiti?"

Ngusman aliendelea kusugua chuma. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Nilipokutajia kutu uliinama."

Mkono wa Ngusman ulisimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Kifundo cha mguu. Kilikuwa na sugu ya pingu, sugu ya miaka mingi. Nikajiambia labda ni alama ya mizizi ya mtoni. Dada yangu, alikuwa ananuka, na jua lilikuwa kali, na sajini alikwisha kuisoma namba. Nilitaka kumaliza. Mungu anisamehe."

"Kwa hiyo ulijua si Wiryo."

"Nilishuku. Na juu ya kushuku kwangu nikamwita mara tatu kwa jina la mtu aliye hai na la mama yake. Nilimwambia yeye ni Wiryo. Tangu hapo ni nani atakayemwambia vingine? Ikiwa ni roho yake au ni jini aliyeingia katika jina lile, sijui. Ila jina nilimpa mimi."

Baada ya sala ya alasiri walitoka watano kwa mlango wa nyuma wa ngome: Ngusman, Ngatirah, Mbok Ranti, Samidin, na Wiryo aliyekuwa akichechemea. Wiryo hakutaka kwenda. Samidin alimshika mkono, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Kaburi lilikuwa limeota majani mafupi. Ngusman alichuchumaa kichwani.

"Ewe uliyelala hapa," alisema, "mimi nilikosea. Wewe si Wiryo, mwana wa Painah."

"Naam," ilijibu ardhi.

Ngusman alifuta jasho, akarudia. Sauti ikaitika tena, kwa utiifu ule ule, kana kwamba katika maneno yote yale ilisikia jina tu. Ngusman akamgeukia Wiryo. "Itika wewe. Jina ni lako. Nikiita, itika kabla yake. Ewe Wiryo, mwana wa Painah."

Wiryo alifungua kinywa. Hakutoa sauti. Yalitoka maji, maji ya mtoni yenye mchanga, yakamiminika kidevuni na kifuani, na alipojaribu kuvuta pumzi yalizidi, na macho yalimtoka, na chini ya miguu yao ile sauti iliitika kwa niaba yake, "Naam," polepole, mara moja, kisha mara ya pili bila kuitwa.

"Anamzamisha," Samidin alisema, akauachia ule mkono.

"Jina lake nani?" Ngusman alimuuliza Wiryo, akimpiga mgongoni. "Huyo mfungwa. Jina lake nani, nimwite kwa lake?"

Wiryo alitapika, akapata pumzi. "Sijui. Wana namba. Nani huwauliza majina?"

"Basi ana haki yake kwako, na mimi siwezi kuiondoa kwa kusoma dua. Ulimpaje koti?"

"Nimekwisha kusema. Alikuwa na homa."

Maji yakarudi kinywani. Wiryo alianguka kwa magoti. Ngatirah alikuja akapiga magoti mbele yake, taratibu kwa sababu ya tumbo, akamwinua kidevu ili amtazame.

"Sema," alisema. "Nimechoka kukuchunguza."

Wiryo alilia. "Wale waliojificha ng'ambo walikuwa wanalenga makoti ya buluu," alisema. "Wawili walikwisha kuanguka. Nilikuwa nyuma na yule mpagazi. Nikamwambia vaa, uvuke mbele."

"Akavaa?"

"Akavaa. Alikuwa anatetemeka kwa baridi." Alimeza. "Alinishukuru. Alidhani namwonea huruma."

Upepo ulipita juu ya majani ya kaburi ukaacha kupita. Kisha Wiryo aliinamisha paji la uso mpaka udongoni, akasema, "Nisamehe, wewe ambaye sikukuuliza jina lako," akalirudia hilo mpaka sauti ikamkauka, na maji hayakumtoka tena.

Ngusman alirudi kichwani mwa kaburi. Maiti asiyejulikana mama yake huitwa kwa mama wa watu wote, na hilo Ngusman alilijua tangu siku ya kwanza. Alilisema sasa, akilia.

"Ewe mja wa Mungu, mwana wa Hawa."

Walingoja. Hakuna kilichoitika. Harufu ya kutu iliinuka mara moja, kali, kama pingu inapofunguliwa mbele ya pua ya mtu, kisha ikatoweka, pakabaki harufu ya majani yaliyopigwa na jua. Ngusman akaendelea na talkini mpaka mwisho.

Walirudi ngomeni. Langoni Samidin alimsogelea Ngatirah. "Shemeji, wallahi nilikuwa na hakika ni jini."

"Na ulitaka awe jini."

Samidin alitazama chini. "Ndiyo. Nilitaka."

Usiku ule bweni lililala. Mchana wa kesho pia. Watu wakaanza kulitaja jina la Wiryo, kwanza kwa hofu, baadaye kwa kawaida, na Mbok Ranti alirudia utani wake.

"Sasa angalau tumejua ni mtu," alimwambia Ngatirah jikoni.

"Ndiyo," Ngatirah alisema. "Ni mtu." Alikuwa akichambua mawe kwenye mchele. "Mbok, msafara wa pwani unaondoka lini?"

"Alhamisi. Kwa nini? Mume unaye, mahali unapo. Pwani una nani?"

"Sina mtu."

"Na Mwalimu atakwambia wewe bado ni mke wake."

"Mimi ni mke wake mpaka aniache, sikatai. Lakini mtoto huyu akizaliwa humu atavishwa na baba yake koti siku ya baridi, na mimi nitakaa nikimtazama anavyomvisha. Sitaweza, Mbok."

Wiryo hakumzuia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, amenyoa ndevu na masharubu, na kila aliyepita aliona kijifereji chini ya pua yake, kizima kama cha mtu yeyote.

Alhamisi asubuhi msafara ulipangwa: askari mbele, askari nyuma, na katikati wafungwa wenye mizigo. Mmoja wao, mzee kidogo, mwenye kovu shavuni, alikuja akainama kuuchukua mzigo wa Ngatirah bila kumtazama, kama walivyofundishwa.

"Unaitwa nani, mjomba?" Ngatirah alimuuliza.

Mtu yule alitazama nyuma, akidhani ameulizwa mwingine. Kisha akataja namba yake.

"Sikuuliza hiyo. Jina."

Alichukua muda, mzigo ukiwa begani tayari. "Madrawi," alisema.

"Na mama yako?"

"Mama yangu amekwisha kufa."

"Jina lake."

"Buk Sumiya." Akauweka sawa mzigo begani. "Kwa nini unaniuliza hayo, bibi?"

Askari wa mbele alipiga kelele waondoke. Akajifunga shuka juu ya tumbo, akaanza kutembea nyuma ya mzee yule, akiyarudia majina mawili kimoyomoyo ili asiyasahau, na walipofika kwenye mteremko wa kwanza alisogea mbele hatua chache, akamuuliza mfungwa wa pili.